Rangi ya Majlisi ya Malaz

Kabla ya kwenda Riyadh, Roseline aliuza rangi miaka sita katika duka la hadwea mjini Kitale. Alijua rangi inayopendeza dukani inavyoweza kugeuka ukutani. Madam Hessa, aliyemwajiri katika nyumba yake ya mtaa wa Malaz, aliujua ujuzi wake huo. Ndiyo maana alipoamua kuuza nyumba ahamie kwa mwanawe Jeddah, na dalali akasema kuta zipakwe upya, alimpa Roseline kadi ya rangi.

"Chagua wewe. Wanunuzi waipende. Ikiuzwa tu, unaenda likizo kwenu."

Roseline aliipokea kwa mikono miwili. Moyoni alikuwa anahesabu siku kumi na moja.

Mwaka uliotangulia, wakati wa harusi ya binti wa nyumba, madam alimnyang'anya simu akisema kazi ni nyingi. Alipomrudishia baada ya siku kumi na moja, Roseline alikuta mamake ameshazikwa siku nne nyuma. Dada yake alikuwa amepiga hadi akachoka, mwishowe akamwandikia madam mwenyewe. Madam aliusoma ujumbe, akanyamaza.

"Sikutaka ulie mbele ya wageni," alisema. "Halas, imepita."

Kwa Roseline haikupita.

Majlisi, sebule ya kupokelea wageni, ilikuwa na dirisha moja lililotazama ukuta wa jirani, na taa nyeupe za mirija. Kila muuza rangi angeipa rangi ya maziwa. Roseline alichagua manjano yenye kijani kwa mbali, iliyong'aa vizuri kwenye kadi. Madam akaisifu.

Fundi alikuwa Josphat, Mkenya aliyeishi mtaa wa Murabba. Alipofungua mkebe alimtazama Roseline.

"Dada, hii itakiua hiki chumba. Watu wataonekana wagonjwa humu."

"Najua. Paka."

"Una nini na huyu mama?"

"Paka, ndugu yangu."

Josphat alipaka.

Familia ya kwanza ilikuja Alhamisi. Mke aliketi, akamtazama mumewe usoni, akamuuliza kama amekula kitu kibaya. Hawakumaliza kahawa. Ya pili haikufika ghorofani. Roseline aliwapelekea tende huku roho yake imetulia, kama mtu aliyekuna mahali palipomwasha mwaka mzima. Alijua likizo yake nayo inasogea mbele. Hakujali. Mama ambaye angekwenda kumzika alikuwa ameshazikwa.

Miezi minne ikapita, familia tisa zikaja na kuondoka. Mwana wa madam alipiga kutoka Jeddah: mjukuu amezaliwa, mama unakuja lini? Lakini madam hakutaka kuiacha nyumba kabla haijauzwa. Asubuhi moja Roseline alimkuta madam peke yake majlisini, akilia juu ya picha ya mjukuu ambaye hajampakata bado. Uso wake ulikuwa wa kijani kweli.

"Niambie, Rose. Nyumba hii ina nini?"

Roseline angeweza kusema mafi, hakuna kitu. Lakini kisasi kisichojulikana kilianza kumchosha. Alitaka madam mwenyewe akijue.

"Ni rangi, madam. Nilijua itaharibu. Nikaichagua."

"Kwa nini?"

"Mama yangu alikufa, ukanificha siku kumi na moja. Mimi sikumwona tena. Wewe mjukuu wako yuko hai, umecheleweshwa kumwona tu."

Madam aliinua mkono kana kwamba atampiga. Roseline hakurudi nyuma. Mkono ukashuka polepole, na madam akaiweka ile picha kifudifudi.

"Nilisoma ule ujumbe mara tatu," alisema. "Nilijua ni vibaya."

Hakusema samahani, na Roseline hakuiomba. Josphat aliitwa tena, majlisi ikapakwa rangi ya maziwa, na wiki ya tatu nyumba ikapata mnunuzi.

Madam alikwenda Jeddah. Roseline alirudi Kitale akitumia tiketi ya likizo, na hakurejea Riyadh. Leo ana duka lake dogo la rangi. Ukimuuliza kama anajutia alichofanya, atakuambia anajutia jambo moja: kwamba alimwacha Josphat apake bila kumweleza sababu, akamtia katika kisasi kisicho chake.