Niliunganisha Matawi, Jina Likabaki la Kalenga

Kosa ni langu. Nawaandikia ninyi msionijua, maana wanaonijua hapa Kamina siwezi tena kuwatazama usoni.

Tulikuwa watu watatu katika ofisi moja karibu na gare, kituo cha treni: Béa, mkubwa wetu, aliyekuwa zamani mwalimu wa hesabu, tunayemwita Yaya, yaani dada mkubwa; Kalenga; na minyi, yaani mimi. Tunatengeneza programu ya kutafuta watu waliopoteana walipokimbia vita upande wa Malemba-Nkulu. Mzazi anataja jina la mtoto, tableti inamwambia kama ameandikwa mahali fulani.

Kila mmoja ana tawi lake la kazi, nakala ya programu anayoibadilisha peke yake kabla ya kuiunganisha na ya wenzake. Sisi tunasema branche. Toleo jipya likikaribia kutoka, Yaya Béa anafungua tawi la pekee la toleo hilo, kisha analifunga kwa sheria, ingawa mashine haizuii mtu. Baada ya hapo yanaingia marekebisho ya makosa tu, tena yasomwe na watu wawili. Niliielewa sheria ile vizuri sana. Sikukosa elimu, nilikosa haya!

Nilikuwa nimetengeneza ukurasa wa picha: uso wa mtoto, rangi nzuri. Yaya Béa akauangalia. "Iko muzuri, lakini bado kuisha. Itangoja toleo ingine."

Minyi, kungoja! Wageni walikuwa wanakuja kuiona programu yetu. Nilitaka waone kazi yangu.

Ijumaa Yaya Béa alienda kwenye mazishi. Kalenga akatoka kwenda kula. Kompyuta yangu ilikuwa imezimika, kura, yaani umeme, hakuna, nikakaa kwenye ya Kalenga iliyokuwa bado na chaji. Nikaunganisha tawi langu na lile lililofungwa.

Mashine ikasimama. Kulikuwa na mistari ya programu ambayo Kalenga na minyi tuliibadilisha sote wawili, na ikauliza ibakize ya nani. Mahali kumi na moja. Mtu anatakiwa asome moja moja. Minyi nilijibu mara moja kwa zote: yangu. Kisha nikaenda kunywa maji.

Niliyoifuta ilikuwa kazi ya Kalenga ya wiki mbili: kutenganisha watoto wenye jina moja. Kwetu Waluba, ukiita Ngoie barabarani wanageuka kumi. Bila mistari ile, Ngoie wawili wakawa Ngoie mmoja.

Toleo likatoka. Baba mmoja, papa tunavyosema sisi, aliyekimbia Malemba-Nkulu akataja jina la binti yake: Ngoie, miaka saba. Tableti ikasema yuko Bukama. Akapanda treni na gauni jipya kwenye mfuko.

Alirudi baada ya siku sita. Akaingia ofisini, akavua kofia.

"Nilimukuta mutoto," akasema. "Alinisalimia muzuri. Lakini haiko wangu."



"Ile robe mupya nilimuachia. Yeye hana kosa."

Yaya Béa akafungua historia ya kazi. Kila uunganishaji unabaki na jina la aliyeufanya.

"Kalenga, ni weye njo uliingiza hii?"

"Hapana, Yaya. Haiko minyi."

"Jina ni ya nani?"

"Ni yangu. Lakini haiko minyi."

Kalenga akanitazama. Alijua! Ijumaa ile aliniacha peke yangu ofisini. Minyi nilikuwa napanga karatasi mezani. Zilikuwa tatu. Nilizipanga kwa muda mrefu.

Kalenga alitolewa kazini siku ileile.

Kesho yake tukairudisha mistari yake, tukatafuta tena. Ngoie wa yule papa alikuwa hapa hapa Kamina, upande wa Base, kambi ya jeshi, kwa mke wa askari aliyemwokota njiani. Nikaenda na yule papa. Jirani akatoka mlangoni.

"Balihama juzi. Bwana yake balimuhamisha kazi, bakabeba na mutoto."

Juzi! Baba yuko ndani ya treni anarudi, mtoto anaondoka.

Papa akakaa juu ya jiwe. Pale njo nilimwambia kwamba ni minyi.

"Ulikuwa unanijua?" akauliza.

"Hapana, Papa."

"Basi juu ya nini?"

"Nilitaka wageni baone kazi yangu."

Akafikiri. "Balisema nini?"

"Habakufika, Papa."

Akatingisha kichwa polepole, kama mtu aliyeelezwa njia.

Ulipita mwezi mzima wa simu mpaka mtoto akapatikana. Aliteremka kwenye gare akiwa mzima. Baba yake akamwinua, naye akawa anageuka kumtafuta yule mke wa askari, akimwita mama.

Yaya Béa nilimwambia jioni ile ile ya Base. Hakunifukuza. "Utakaa," akasema. "Utasoma kazi ya wenzako musitari kwa musitari. Yako haitaingia mpaka niseme." Bado hajasema.

Akampigia Kalenga simu arudi. Kalenga akajibu kwa adabu kwamba amepata kazi ya kufundisha Lubumbashi. Minyi nilimwandikia ujumbe mrefu wa kuomba msamaha. Naona kwenye simu kwamba ameusoma. Hajajibu.

Ninyi mnaofanya kazi watu wengi ndani ya programu moja, tawi likifungwa, liacheni. Mkiulizwa mbakize ya nani, someni. Na ukiharibu, sema kabla mwenzako hajaulizwa mara ya pili. Kosa la mashine tulilirekebisha asubuhi moja. Lile lingine, bado.