Uzi Mwekundu wa Ghala la Kelestini

Mwambie dereva yeyote wa bajaji hapa Ifakara akupeleke Kwa Kelestini, atakufikisha, ingawa Kelestini mwenyewe ameshafariki na jengo lake sasa ni kifusi. Lilikuwa duka la jumla la mpunga na mchele, lenye ghala la sakafu ya saruji iliyoinuliwa hadi kifuani, maana mzee yule alishaona maji ya mto yakiingia ndani kwa watu. Mimi nauza malapa ng'ambo ya barabara, mwaka wa kumi na tisa huu, na habari za jengo lile siwezi kuzisimulia kwa upole.

Mtu wa pale hasa alikuwa Eliza, mshona magunia. Alitoka Mahenge akiwa msichana, akashika shazia, ile sindano kubwa ya magunia, akazeekea nayo barazani. Kelestini alikuwa na desturi yake: mkulima akimuuzia mpunga, humtunzia na mbegu bure, kwa sababu nyumba za bondeni hulowa. Gunia la kwenda mashineni Eliza alilishona kwa uzi mweusi, la mbegu kwa uzi mwekundu. Haikuandikwa popote. Alijua mzee, alijua Eliza, na nilijua mimi kwa kukaa nikimtazama.

Mzee alipofariki, mwanawe Evod aliuza jengo kwa mtu anayetaka kujenga ghorofa. Akampa Eliza siku mbili ghala liwe tupu. Siku mbili! Mama aliyemtumikia baba yake miaka zaidi ya thelathini! Eliza hakulalamika. Wasiwasi wake ulikuwa mmoja tu: mbegu za watu, magunia arobaini na matatu. Padre akamkubalia ukumbi wa parokia.

Malori yalikodiwa mawili, moja la kupeleka mbegu ukumbini, jingine la kupeleka mpunga wa Evod mashineni. Eliza akawaambia makuli waliotoka stendi, "Ya uzi mwekundu yatangulie," kisha akaenda kwa padre kufuata ufunguo wa ukumbi. Kwake mbegu hutangulia siku zote, hakuona la kuongeza. Lakini lori lililofika kwanza lilikuwa la mashineni. Makuli wakapakia kama walivyoambiwa. Niliwaona. Nilikuwa na mteja mbishi, nikajisemea Eliza anajua anachofanya. Jambo hilo linanichoma mpaka leo.

Padre alikuwa kwenye mazishi, na Eliza alimngoja hadi saa nane. Aliporudi ghalani na kugundua, tulipanda bodaboda mbio mpaka mashineni. Yote yalikuwa yamekobolewa. Eliza akachota mchele kiganjani, mweupe, unanukia, akakaa chini kwenye pumba. Mchele hauoti.

Wenye mbegu wengine walikuja wakamfokea, wengine walichukua mchele wao bila kuaga. Novemba, mvua zikikaribia, akaja mzee Sylvanus kutoka Malinyi. Hana simu, hakuwa amesikia lolote.

"Shikamoo baba," Eliza akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nimefuata mbegu yangu."

Eliza akamweleza yote, hakuficha kitu. Mbegu ile ilikuwa ya mama yake Sylvanus, yenye ganda jekundu na ncha nyeusi. Maishani mwake hakuwahi kupanda nyingine.

"Hata zilizomwagika hazipo?" akauliza.

Tukaenda watatu kifusini. Kuta zilikuwa chini, sakafu bado ilikuwepo. Tukapiga magoti, tukachokonoa nyufa za saruji kwa shazia na vijiti, punje kwa punje, tukitia kwenye ungo. Mafundi wa ghorofa walitucheka. Niliwatukana na sioni aibu. Kufikia saa kumi tulikuwa na vikombe viwili hivi, mbegu za watu wote zimechanganyika.

Sylvanus akaanza kuchambua zake, akihesabu kwa sauti. Alifika thelathini na moja. Akaupekua ungo upya mara mbili, hakuona nyingine, akazifunga kwenye leso.

"Nina ekari tatu," akasema.

Eliza akaomba ile leso. Akatoa uzi mwekundu, akaishona mdomo.