Bahasha ya Yule Mwingine

Nilichokiogopa ni kidole changu mwenyewe. Usiku kabla ya uchaguzi mdogo sikulala, nikijiuliza: nikisimama kwenye mashine ya kura kumsaidia bibi asiyejua kusoma, akanitajia jina nisilolitaka, kidole kitatii?

Kiti kimoja cha bunge la jimbo kilikuwa wazi. Wagombea wawili waliobaki kwa duru ya pili walitoka chama kimoja, kile ambacho sisi wahamiaji, wafanyakazi wa maghala na hoteli, tulikiita chetu, na kambi zao zilichukiana kuliko zilivyowachukia wapinzani. Mimi, mwenye digrii na bado nafunga maboksi ghalani, nilizunguka mtaa wetu wa Vickery Meadow nikigonga milango kwa ajili ya mgombea aliyeahidi kutupigania kuhusu zamu. Kiongozi wa kambi yetu, Mkenya wa mji jirani wa Arlington, alicheka nilipomweleza wasiwasi wangu.

"Bonyeza tu wetu, buda. Bibi ataona nini?"

Bibi alikuwa jirani yangu, Mrundi, raia mpya. Siku ya kura alivaa kitenge cha kanisani. Mbele ya msimamizi wa kituo niliinua mkono nikaapa kumsaidia bila kumshawishi. Naye akainua wake, ingawa hakuna aliyemwomba.

Nikamsomea majina mawili. Hakusita.

"Huyo mama wa kwanza. Mzee wangu alipofariki alikuja, akaketi nasi chini, kwenye mkeka."

Ndiye tuliyekuwa tunampinga.

"Na yule mwingine nimweke wapi?"

"Vipi, bibi?"

"Kwetu walitupa karatasi za wote, na bahasha mbili. Unayemtaka, bahasha hii. Usiyemtaka, ile. Naye lazima umweke mahali." Akanyoosha pindo la kitenge. "Nilipiga kura mara moja tu, mjukuu wangu. Mwaka haujaisha, tulishavuka mpaka, watoto mgongoni."

Kura moja maishani, na baada yake vita na miaka katika kambi ya wakimbizi. Bado alikuwa ameamka alfajiri akapiga pasi kitenge, aje kupiga ya pili. Mimi niliyesoma ahadi zote za wagombea sikuwahi kujiuliza tunamweka wapi tunayemkataa.

"Hapa hakuna bahasha ya pili, bibi."

"Maskini. Basi anabaki hewani?" Akacheka, mkono mdomoni.

Nikabonyeza jina la yule mama. Kisha nikamsomea tena polepole kilichoandikwa kwenye skrini, mpaka akaitikia.