Maua ya Kijapani Hayanunuliwi Karurumo

Dada yangu alipofungua duka la maua ya porini ya Kijapani karibu na soko la Karurumo, watu walimjia na pole kama aliyefiwa. Ya porini? Kwetu ua la porini hufyekwa, na likikaidi hupewa mbuzi. Hili tena lilikuwa limetoka pori la watu wengine, ng'ambo ya bahari.

Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kule Kibirichia, nyumbani kwa mama mmoja Mjapani aliyekuja kwa mambo ya viazi huku roho yake ikiwa kwenye maua ya milima ya kwao. Mama yule aliporudi Japani, alimwachia dada mizizi, mbegu na tabia ya kusemezana na mimea. Dada akarejea nyumbani bila mume, mizigo yake karibu yote ikiwa udongo. Kaka yetu mkubwa, ambaye tangu baba afariki hutembea shambani kama chifu, alimkatia pembe moja kando ya barabara. Kwa masharti, lakini. Kahawa ikiisha kuchumwa kabla duka halijapata wateja, pembe inarudi kwake apande nepia, nyasi ya ng'ombe. Dada alikuwa akilala nyuma ya duka hilohilo na hakuwa na mahali pengine pa kuweka kitanda. Kwangu hayo hayakuwa masharti, ilikuwa notisi.

Mimi ni mwalimu, na wikendi nilikuwa nikikaa naye. Sijaona duka lenye watu wengi na wateja wachache namna ile. Akina mama wa kanisa walijaa baada ya ibada na mikoba yao mikubwa, wakishika, wakinusa, wakiuliza majina. Dada aliwaeleza kwa heshima zote kwamba lile jeupe lenye madoadoa ya zambarau ni hototogisu.

"Hoto nini?" wakauliza. Wakaliita chui, yakaisha. Mmoja wao alichuma majani mapana ya giboshi, ua jingine la kule Japani, akayatia kwenye githeri, kisha akaja kulalamika kwamba hayana ladha.

Kununua? Thubutu. Kwetu ua halinunuliwi. Mtu anakutembelea, anasifu, anaomba kijiti akapande. Anayejua mambo hata haombi. Anangoja ugeuke, anavunja, anatia mkobani, kwa sababu kila mwanamke kuanzia Runyenjes mpaka Kiritiri anajua kwamba ua la kununua hufa na la kuiba hushika. Hata asante haisemwi. Ukiisema, ua linakauka.

Dada alijua haya yote, ni mtoto wa huku. Sijui nani alimdanganya kwamba maua ya Japani hayatafuata sheria za Embu. Alibandika kibao, USIVUNJE, na kibao kikawasaidia kujua pa kuvunja. Mimi nilichemka. Siku moja nilimsimamisha mama mmoja mlangoni.

"Mama, kwa mkoba kuna nini?"

"Ni Biblia, mwalimu."

Biblia ilikuwa imeota majani.

Kahawa ikaisha. Jumamosi asubuhi kaka akaja na jembe begani.

"Nilikwambia," akasema. "Hii shamba si ya kuchezea. Kesho naleta nepia."

Dada alikaa kwenye kiti cha plastiki, akabana mikono katikati ya magoti. Nilimchukia kaka siku ile, nasema wazi. Jembe lilikuwa limepiga mara moja tu pale akina mama walipotokea, wakitoka sokoni na vikapu. Walisimama wote, na mke wa kaka alikuwa kati yao.

"Unafanya nini?" cucu mmoja akauliza, nyanya mzee kuliko wote.

"Nang'oa. Duka haina wateja. Hapa nani amewahi kununua kitu?"

Wakatazama viatu vyao.

"Kununua ni ya nini?" cucu akasema. "Ukinunua inakufa. Sasa ukitoa hii yote, sisi tutaiba wapi?"

"Kumbe nyinyi ni wezi!"

"Sisi na bibi yako. Hiyo ya chui iko kwa dirisha yako ilitoka wapi? Na ukipata wageni unaisimamia na kikombe ya chai ukiwaonyesha."

Mke wake akaanza kutafuta kitu chini kabisa ya kikapu. Kaka alimtazama, akatutazama sisi, akaegemeza jembe kwenye mlango wa duka na kuondoka.

Hapo akina mama wakapita katikati ya maua, na nikasikia vijiti vikivunjika, ta, ta, ta. Siku hiyohiyo! Nilikuwa nishafungua mdomo dada aliponishika mkono.

"Geuka," akasema. "Angalia barabara."

Nikageuka. Tuliporudisha macho, kwenye kaunta palikuwa na mayai, maharagwe, mkungu mdogo wa ndizi na kuku aliyefungwa miguu. Nilimkimbilia yule cucu nikimwambia amesahau kuku wake.

"Nimesahau?" akasema. "Basi wacha akae."

Dada alicheka mpaka machozi yakamtoka, halafu akaendelea na machozi peke yake.

Kibao tulikiondoa. Siku hizi mtu akiingia, dada anageukia ukuta na kupangusa rafu isiyo na vumbi. Nyuma yake watu wanavunja na kusahau. Mama mmoja wa Kiritiri alisahau mbuzi mzima na kamba yake.

Kaka hajataja nepia tena. Kila asubuhi akienda kukamua hupita hapa, na jembe lake analiona mikononi mwa dada, akipalilia chui. Juzi nilimkumbusha kwamba jembe lake liko kwetu.

"Jembe gani?" akaniuliza, akaendelea na safari yake.