Mstari wa Biki Nyekundu

Nilipiga teke sufuria. Haikuwa sufuria ndogo, ilikuwa ile kubwa ya kupikia bukari, ugali wetu, ya watu wengi, na maji yalikwisha kuanza kuchemka. Yalimwagika juu ya kuni, moshi ukapanda, wanawake wakaruka nyuma wakishika vitenge vyao. Mimi nilikuwa natoka sokoni, mtoto mdogo mgongoni, mfuko wa ndagala, dagaa wa ziwa letu, mkononi. Nilikuta viti vyangu vimetolewa nje, mikeka imetandikwa uani, na wanawake kumi na zaidi wa kambi yetu ya jeshi wameketi chini bila viatu. Kupitia mlango wazi niliona picha ya arusi yetu imegeuzwa, uso ukutani.

"Njo nini hii munafanya kwangu?"

Aliyenijibu ni Mama Ajida, bibi wa askari mwenye cheo cha ajida, mkubwa wa wanawake wa kambi. Alisimama polepole.

"Mama, keti chini. Keti kwanza."

"Niketi sababu gani? Nani amekufa?"

Walitazamana, kila mmoja akingoja mwenzake aseme. Ndipo nilipopiga teke.

Wengine walisema baadaye nilishikwa na wazimu. Si kweli. Niliona wazi kuliko siku zote. Niliona kwamba watu wote hawa walikuwa wakinililia kwa siku kadhaa nyuma ya mgongo wangu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na roho ya kuniambia usoni.

Bwana yangu ni kapiteni. Mwaka ule alipelekwa ng'ambo kufanya staji ya etamajoro, yaani masomo ya maofisa wanaofundishwa kupanga vita juu ya meza. Kwetu Kalemie ukisema ng'ambo watu wanafikiri Kigoma, upande wa pili wa ziwa, wanakuuliza utarudi na vitenge gani. Nilichoka kueleza kwamba ng'ambo hii ni ya ndege tatu, nchi ya baridi, ambako hata mbwa wanavalishwa koti.

Miezi sita ya kwanza tulikuwa naye, mimi na watoto wawili, msichana wa miaka mitano na huyu mdogo wa mgongoni. Walitupa nyumba ya ghorofa ndani ya ua wa shule. Sikuipenda, na sitasema uongo kwamba niliipenda. Kila alhamisi wake wa maofisa wa nchi mbalimbali walikunywa chai pamoja, na ilikuwa lazima kwenda, maana mke asipoonekana bwana yake anaulizwa. Siku moja kila mmoja aliombwa alete chakula cha kwao. Nilisonga bukari kwa unga wa kule, ikatoka kama gundi ya kubandikia matangazo. Bibi mmoja aliionja, akaweka kijiko chini, akaniuliza kama kwetu kuna vita bado. Aliuliza vile mtu anavyouliza kama kwenu mvua imekwisha kunyesha.

Lakini kitu kilichonitia baridi kuliko baridi yenyewe kilikuwa ubao mmoja kwenye njia ya kwenda chumba cha chakula. Uliandikwa majina ya maofisa waliosoma pale miaka ya nyuma, na waliokufa vitani waliwekewa kamsalaba kadogo pembeni ya jina. Msichana wangu alikuwa anajifunza kuhesabu. Alisimama akihesabu misalaba kwa kidole, alipofika kumi na moja akageuka.

"Papa, weye utapata musalaba yako lini?"

Baba yake alicheka, akambeba. "Mimi nitapata diplome tu, mutoto wangu." Aliniangalia ili nami nicheke. Sikucheka.

Ruhusa yetu ya kukaa, mimi na watoto, ilikuwa ya miezi sita. Ilipoisha tulirudi Kalemie, kwenye nyumba yetu ya kambi, naye akabaki amalize. Tulipatana: kila jumapili baada ya misa atapiga simu. Na alipiga. Msichana alikuwa anasogelea simu mpaka baba yake anaona pua tu.

Halafu jumapili moja hakupiga. Nilisema ni reseau, mtandao umekatika. Jumapili ya pili nilimwandikia, ujumbe ukabaki na alama moja ya kijivu, haukufika. Ya tatu sikwenda tena misa, nilikaa na simu kwenye mapaja.

Ni wakati ule ndipo kambi ilipoanza kubadilika. Kwetu kambini mwanamke haitwi kwa jina lake. Anaitwa kwa cheo cha bwana yake: Mama Ajida, Mama Majoro, Mama Kapiteni. Ukipanda cheo, asubuhi ileile hata wauza mboga wanajua kukuita. Mimi nilikuwa Mama Kapiteni, na sikuwa napenda sana, ilionekana kama nimevaa kofia ya mtu. Lakini siku moja kwenye pompi ya maji, mwanamke aliyekuwa mbele yangu alitoa bidoni yake pembeni.

"Pita, Mama."

Mama tu. Nikapita, nikafikiri amesahau. Aliyekuwa mbele yake naye akasogea. "Pita, Mama." Safu nzima ilinifungulia njia, wanawake ambao wiki iliyotangulia tulikuwa tunatukanana pale pale kwa ajili ya zamu. Nilijaza maji yangu peke yangu, wote wakinitazama, na mgongo wangu ukasisimka kama wa mtu aliyevuliwa nguo bila kujua.

Kesho yake jirani alinirudishia beseni niliyokwisha kusahau. Mwingine alileta mchi. Kwetu huachi kitu cha nyumba yenye maiti kikae kwako. Nilijua hilo, nilikua nalo, na bado nilipokea vitu vyangu nikasema aksanti. Akili ilikataa kuunganisha.

Nilimshika jirani mkono. "Kuna nini?"

"Hakuna kitu, Mama. Mungu yupo."

"Nani amekuuliza habari ya Mungu?"

Alivuta mkono wake, akaenda.

Siku mbili kabla ya ile sufuria, shemeji yangu alifika, kaka mkubwa wa bwana yangu. Alitoka Ankoro, kwa mtumbwi mpaka Kabalo, kisha treni. Safari ile si ya kutembelea watu. Sikuwa nimemwita. Nilimuuliza kilichomleta, akasema: "Nilikuja kuangalia watoto." Alikula bukari yangu, akasifu ndagala. Halafu akamwita msichana, akatoa kamba mfukoni, akampima mguu, akafunga fundo.

"Nitakununulia viatu vya safari."

"Safari gani, shemeji?" nikauliza.

"Safari haikosekani, shemeji."

Alirudisha kamba mfukoni.

Basi, sufuria ikiwa imelala ubavuni na moshi ukitutoa wote machozi, Mama Ajida hatimaye alisema. Jina la bwana yangu limepigwa mstari ku biro, ofisini, ndani ya regista ya kambi. Mstari mwekundu. Ajida mwenyewe aliona kwa macho yake.

Hapo nilijilaza mkekani. Kambini kwetu hakuna asiyejua mistari. Mwanajeshi akihamishwa, jina lake linapigwa mstari wa bluu. Akifa, mwekundu. Barua kutoka juu inaweza kuchelewa miezi, lakini mstari hauchelewi, na wako wajane kambini waliojua ujane wao kwa mstari, kabla ya barua. Hata watoto wetu hawachezi na biki nyekundu, kalamu ya wino wa mstari ule. Mama zao wanawapiga vidole.

Walinifungua nywele, kama wanavyofunguliwa wajane. Sikuwazuia. Kitu kilichoniamsha ni sauti ya shemeji, aliyekuwa amekaa kwenye kiti changu kimoja kilichobaki ndani.

"Shemeji, usifanye tena fujo. Treni ni alhamisi. Watoto ni wa kwetu."

"Watoto ni wangu."

"Weye ungali mutoto. Utaolewa tena. Muntu gani atapokea watoto wa Kapiteni? Kwetu kuna mashamba, kuna samaki, kuna bibi yao." Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililoniogopesha zaidi, alisema kwa upole, kama mtu anayepanga mizigo. Akafungua karatasi. Ilikuwa na kashe, muhuri, ya biro ya kambi, na niliisoma mwenyewe, nimemaliza sekondari, Kifaransa kinanielea: watoto wawili wa marehemu kapiteni fulani wanaruhusiwa kusafiri na baba yao mkubwa. Marehemu. Neno lenyewe lilikuwa limepigwa taipu.

Nilinyoosha mkono. Aliikunja upesi, akaitia mfuko wa ndani.

Siku hiyo ilikuwa jumatatu. Jumanne asubuhi nilifunga watoto chumbani na mama yangu mzazi, aliyefika usiku kwa habari ya matanga, nikamwambia asifungue hata kwa padri. Nikaenda biro na nywele zangu vilevile, zimefunguliwa.

Sekretere wa kambi alikuwa anakula mkate. Aliponiona alisimama. "Pole sana, Mama."

"Nionyeshe karatasi ya kifo."

"Mama, mambo haya..."

"Karatasi. Alikufa wapi? Siku gani? Nani aliandika?"

Alifungua regista. Jina la bwana yangu lilikuwa pale, na mstari mwekundu ulionyooka, umepigwa kwa rula. Pembeni kulikuwa na namba ya ujumbe. Nikamwambia atafute ujumbe wenyewe. Alitafuta, jasho likimtoka, mafaili yakianguka. Mwisho akaupata, akausoma kwa sauti, na kadiri alivyosoma ndivyo sauti yake ilivyopungua. Ulisema kapiteni ameondolewa katika hesabu ya kikosi, amewekwa chini ya etamajoro kuu mpaka mwisho wa masomo yake ng'ambo.

"Sasa kifo kiko wapi humu?"

"Kifo hakimo, Mama."

"Na mstari?"

Aliangalia meza. "Biki ya bluu iliisha, Mama. Niliomba ingine, hawakunipa. Nilikuwa na hii tu."

Nilifikiri nitacheka, nikafikiri nitamtupia ile regista usoni.

"Na ile karatasi uliyompa shemeji yangu?"

"Yeye aliomba. Mimi ninaangalia regista. Regista njo inasema."

"Nani aliandika regista?"

"Ni miye."

"Basi futa."

"Regista haifutwi, Mama. Kufuta njo kosa."

"Kuua si kosa?"

Akafanya kitu ambacho sitamsamehe: alitabasamu kidogo, vile wanaume wa biro wanavyotabasamu kwa wanawake wa kambi. "Kama hauridhike, Mama, andika malalamiko kwa Komanda. Unajua kuandika?"

Bwana yangu alikuwa mlimani na wenzake kwenye mazoezi, simu zote zimefungiwa ndani ya sanduku. Hayo niliyajua siku tisa baadaye, aliponipigia akishangaa kwa nini ninalia. Jumanne ile sikujua. Ujumbe ulisema tu kwamba alikuwa hai siku ulipoandikwa. Wiki tatu za kimya zilikuwa palepale, na treni ilikuwa palepale.

Niliketi kwenye benchi la biro yake mwenyewe, nikaandika barua, kopi mbili. Niliandika kwa Kifaransa, kama wanavyotaka. Naiweka hapa kwa Kiswahili chetu. Nilikataa kuondoka mpaka kopi yangu ipigwe kashe ya kupokelewa, na ilipigwa.

"Kwa Bwana Komanda wa kambi, Kalemie.

Kuhusu: kuandikwa kifo bila kifo, na kibali cha kuchukua watoto wangu.

Bwana Komanda,

Ninalalamika juu ya biro yako. Bwana yangu uliyemtuma masomoni amepigwa mstari wa wafu ndani ya regista yako, kwa sababu biki ilikosekana. Kwa mstari huo kambi imeniwekea matanga, na biro imetoa karatasi inayomwita marehemu na kuruhusu watoto wangu wapandishwe treni ya alhamisi.

Saa hii ninapoandika sijui kama bwana yangu yuko hai. Nyinyi pia hamujui. Kwa sababu hiyo hamukuwa na haki ya kuandika.

Ninaomba uiandikie etamajoro leo, uulize aliko, na unipe jibu kwa karatasi. Ninaomba karatasi ya safari ivunjwe kabla ya alhamisi, na polisi wa kambi wajulishwe kwenye kizuizi na kwenye stesheni ya gari la moshi. Regista kama haifutwi, andika chini ya mstari kwamba ni uongo, uweke saini yako.

Mpaka hayo yafanyike, watoto hawatatoka nyumbani, wala sitamfungulia muntu mwenye karatasi yenye kashe yako.

Mama Kapiteni."