Sura ya Nofri kwenye Lipu Mbichi

Shangazi yangu Piera alikuwa dobi wa mto Arno, upande wetu wa ng'ambo, ambako watia rangi wa sufu humwaga maji yao na mto hupita mwekundu asubuhi, buluu mchana. Alipofiwa na mume alifua. Tauni ilipomchukua Nofri, mwanawe wa pekee, alifua mashuka ya waliofiwa wenzake, kisha akarudi nyumbani akala maharagwe na kitunguu kama siku zote. Baba yangu, mdogo wake, akanipeleka nikakae naye, nyumba isiwe kimya mno.

Jambo moja lilimtesa. Sura ya Nofri ilikuwa inamponyoka.

"Jana nilimtafuta," aliniambia tukikamua shuka, "nikapata shavu moja tu. La pili limekwenda wapi?"

Matajiri hawana taabu hiyo. Akifa mtu wao, anakandikwa plasta usoni ichukue umbo lake, sura inabaki nyumbani juu ya mlango. Nofri aliondoka na mkokoteni wa maiti, hata uso hakuoshwa.

Wakati huo mji mzima ulikuwa umekolewa na mambo mapya. Watu walichimbua masanamu ya kale mashambani wakakaa kuyatazama magoti, na wachoraji wakaacha kuchora watakatifu wanaofanana kama watoto wa mama mmoja. Unaingia kanisani, Mtakatifu Petro ni yule muuza jibini wa sokoni. Kwa hiyo hatukushangaa fundi Baccio, aliyekuwa akichora ukuta wa kanisa letu, alipokuja mtoni kutafuta mikono.

"Mikono ya kazi gani?" akauliza Lapa, dobi mwenye mdomo kuliko wote.

"Ya mama anayemwogesha Bikira Maria alipozaliwa."

"Chukua ya Piera, imeshachemka kama utumbo wa ng'ombe. Tia chumvi tu!"

Wanawake wakaangua kicheko. Shangazi hakucheka. "Mikono utapata, fundi. Na wewe unipe mwanangu."

Akamweleza habari za Nofri. Fundi akaitazama ile mikono. "Nina malaika wengi kule juu, mama. Mmoja awe wako."

Siku ya malaika huyo tulipanda jukwaa la fundi kanisani. Lipu ya siku ilikuwa imepakwa asubuhi hiyo na mwashi wake, kipande cha kutosha kazi ya siku moja tu, maana rangi hushika lipu ikiwa mbichi. Ikikauka, basi.

"Pua yake?"

"Ndogo."

"Pua za watoto zote ndogo, mama."

"Ndogo ya kamasi."

Fundi akacheka, akachora. Vumbi la chokaa lilielea kwenye mwanga wa dirisha, na uso ukaanza kutoka ukutani taratibu, kama mtu anayepanda kutoka chini ya maji. Ulikuwa mzuri hata nikasahau nilipo. Shangazi aliutazama mpaka kingo za lipu zikaanza kuingia weupe.

"Siye," akasema. "Mfute."

"Mama Piera! Mwaka huu sijachora uso kama huu."

"Ndiyo maana. Nikimwona huyu kila Jumapili, hata lile shavu moja litaondoka."

Padri akapaza sauti kutoka chini. "Mwache huyo! Ni malaika, si mtoto wa dobi!"

"Basi, padri, mtafutie mama yake. Mimi naondoka na mikono yangu."

Fundi aliketi juu ya ndoo. Halafu akauliza polepole, "Uso tuuache. Wewe ulikuwa unamwonaje?"

Shangazi akafumba macho. "Akiondoka. Mimi niko kwenye maji, yeye anakimbia zake. Kila siku anakimbia zake. Nywele za kisogoni zinazunguka, kama maji yanapopita nguzo ya daraja. Sikio hili limechomoza kuliko lile. Shingo nyembamba, imeungua jua. Na kisigino kimoja kichafu daima, sijui kwa nini kimoja."

Aliendelea bila kusita, sauti yake kama ya mtu aliye usingizini. Fundi alishachukua mwiko. Aliukwangua ule uso mzuri, mwashi akapaka lipu mpya, brashi ikaanza kukimbizana na ukuta. Kisogo kikatokea, likatokea sikio, shingo, na kisigino kilichoinuliwa katikati ya mawingu.

"Malaika gani anampa Bikira kisogo?" padri akalalamika.

"Anakwenda kuwaita wenzake," fundi akajibu bila kugeuka.

Shangazi akafumbua macho. Mkono wake ukainuka kuelekea ile shingo, fundi akaudaka hewani. "Bado mbichi, mama."

Shangazi akaushusha.

"Nofri," aliita, kwa sauti ya kawaida kabisa, ya kumkataza mtoto asiende mbali. Sote, hata padri, tukamngojea ageuke.