Kisanduku Kitupu

Kila asubuhi, akishamaliza kahawa na kabla hajavaa buti, Lucious Tarpley huchonga penseli. Iwe siku ya mchezo au isiwe, husimama kwenye mlango wa jikoni na kisu chake cha mfukoni, akachonga penseli moja kuelekea uani, maganda yakiangukia ngazi. Hahitaji kutazama. Akihisi imetosha, huigusisha ncha kwenye kidole gumba, kisha huitia mfuko wa shati upande wa kushoto, na humo hukaa mpaka jioni. Odessa, mkewe, alipokuwa hai alifua mashati hayo miaka thelathini na mbili akilalamikia doa jeusi la mfukoni. Alipofariki, doa hilo likakosa wa kulisemea.

Penseli ilikuwa ya besiboli. Lucious alikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, huko Mississippi anakoishi, na kazini alitumia chaki. Penseli ilikuwa ya Jumamosi, kule uwanjani kwa Chuo cha Bellefont, maili hamsini kutoka kwake, ambako vijana wa chuo waitwao Korongo hucheza kuanzia Februari mpaka Mei. Yeye na binti yake Corine walikuwa na viti vyao, safu ya tisa, nyuma ya kituo cha tatu. Lucious aliandika mchezo mzima daftarini, kila mpigaji na kisanduku chake. Corine, tangu ana miaka minane, alikaa kulia kwake akila karanga za kuchemsha.

Viti hivyo vilikuwa na historia. Babake Lucious, mzee Ezell, aliupenda mchezo huu kuliko mwanawe, lakini enzi zake mtu mweusi aliingia uwanjani pale na ufagio tu. Basi Ezell alisimama nje, nyuma ya uzio wa mbao, akasikiliza. Mlio wa gongo ulimwambia mpira umekwenda wapi, na kelele za watu zikamwambia kilichofuata. Akirudi nyumbani alisimulia mchezo tangu mwanzo hadi mwisho, na Lucious, mtoto wa miaka saba, aliwahi kumuuliza, "Baba, uliona?"

"Nilisikia," Ezell alijibu. Kila alipoulizwa alijibu hivyo hivyo. Hakuwahi hata siku moja kusema aliona.

Kutoka hapo ndipo Lucious alipopata sharti lake la pekee kuhusu daftari, na alimfundisha Corine kabla hajamfundisha kitu kingine chochote. "Kama hukuona, acha kisanduku kitupu. Umeinama kuokota karanga? Umeenda chooni? Kitupu. Usiandike ulichoambiwa."

Halafu alimfundisha herufi K. Mpigaji akishindwa mara tatu, anatoka, naye anaandikiwa K. Lakini kuna kushindwa kwa aina mbili. Aliyezungusha gongo akaukosa mpira wa tatu, K yake husimama sawasawa. Aliyesimama tu akautazama ukipita, mpaka mwamuzi akamtoa, K yake hugeuzwa kinyume, imempa mgongo. Kwa Lucious tofauti hiyo ilikuwa kubwa. Utotoni mwa Corine, kila mpigaji alipotoka hivyo, baba aliinua penseli na kumuuliza, "Kazungusha au katazama?" Na Corine, aliyekuwa mtoto wa kuona haya hata kuomba maji kwa jirani, alijibu kwa sauti mpaka watu wa safu ya mbele wakageuka.

Alipofika sekondari maswali yaliisha. Msimu huu yalirudi.

Corine sasa alikuwa na miaka ishirini na tisa, anafanya kazi maktaba ya chuo, anakaa chumba cha kupanga mitaa miwili kutoka uwanjani. Jumamosi ya kwanza ya Februari baba yake alipoinua penseli na kuuliza, "Kazungusha au katazama?" alicheka kwa furaha. Alidhani mzee anakumbuka zamani. Jumamosi ya tatu hakucheka tena. Mzee alimpa karatasi ya majina ya wachezaji amsomee, akasema miwani kaisahau, na miwani ilikuwa usoni. Akiongea naye alilitazama sikio lake badala ya macho.

Baada ya hapo kioo cha pembeni cha gari la mzee kilikatika.

"Nini hiki, baba?"

"Sanduku la barua la kina Prewitt. Limesogea barabarani."

"Sanduku limesogea?"

"Muulize Prewitt. Analihamisha usiku, yule. Ananitafuta."

Corine alicheka kwa kuwa ilikuwa zamu yake kucheka. Ila tangu siku hiyo alibeba swali moja, na hakuwa na ujasiri wa kulitoa. Baba yake aliishi peke yake kwenye njia ya changarawe, duka la karibu maili tisa. Bila gari hakuna duka, hakuna kanisa, hakuna kaburi la Odessa, hakuna Jumamosi. Akiuliza na jibu likawa lile alilolihofia, yeye ndiye atakayemnyang'anya funguo. Asipouliza, kila Jumamosi mzee ataendesha maili hamsini kuja na maili hamsini kurudi, na barabara ile ina watoto wanaoendesha baiskeli, ina malori ya magogo. Kila wiki alijiambia wiki ijayo. Mwezi wa nne ukaingia.

Jumamosi yenyewe kulikuwa na jua kali na upepo mdogo. Nyuma yao alikaa Hollis Yancy, fundi bomba mstaafu, ambaye kazi yake pale uwanjani ilikuwa kumtukana mwamuzi.

"Mwamuzi! Mkeo anajua uko huku unaharibu Jumamosi za watu?"

"Hollis, mwache mtu afanye kazi," alisema Lucious bila kugeuka.

"Kazi gani? Huyo haoni! Mzee Lucious, hebu mwazime miwani yako!"

"Hii? Hii haitamsaidia," alisema Lucious, na safu nzima ikaangua kicheko. Corine aliangalia miguu yake.

Awamu ya saba Korongo walikuwa nyuma kwa pointi moja, na vituo vyote vitatu vilikuwa na watu wao. Karanga zilikuwa zimekwisha. Corine alisimama akaenda kununua, akashika foleni pale juu ya ngazi, ambapo uwanja wote unaonekana. Mpigaji wa Korongo alikuwa kijana mrefu, mwembamba. Mpira wa kwanza aliukosa. Wa pili aliuacha upite, mwamuzi akauhesabu dhidi yake, na sauti ya Yancy ikasikika mpaka kwenye foleni. "Ule ulikuwa nje! Nje kabisa! Umeuona wapi, wewe kipofu?" Alikuwa bado anapayuka, amesimama juu ya kiti, mpira wa tatu ulipokuja. Kijana alizungusha gongo kwa nguvu zake zote, kofia ngumu ikamtoka, akaanguka kwa goti moja. Alikosa. Uwanja wote uliguna, lakini pale safu ya tisa mguno ulizamishwa na matusi ya Yancy.

Corine alishuka na karanga zake za moto. Alipokaa, jicho likamwendea daftarini.

Kwenye kisanduku cha yule kijana kulikuwa na K. Ilikuwa imegeuzwa kinyume. Tena haikukaa vizuri, nusu ilikuwa kisandukuni na nusu imevuka mstari.

Aliupitia ukurasa kwa macho kurudi nyuma. K zote za awamu za mwanzo, zile alizozijibu yeye, zilikuwa sahihi. Hii moja mzee alikuwa peke yake. Alimsikia Yancy akimtukana mwamuzi, na mwamuzi hutukanwa hivyo mpigaji akitolewa kwa kutazama. Akaandika alichosikia.

Kosa lenyewe halikumuumiza sana. Kilichomuuma ni kwamba mzee hakuacha kisanduku kitupu.

"Umechelewa," Lucious alisema, akinyoosha mkono kwenye karanga na kuupata mfuko mara ya pili. "Walikuwa wanazichimba?"

"Foleni, baba."

"Tumekosa pale. Vituo vimejaa, kijana anasimama kama nguzo."

Yancy akainama katikati yao. "Kama nguzo? Mzee, yule nusura atoe bega! Hujamwona alivyoanguka?"

Lucious aliinamia daftari. "Nilikuwa naandika," alisema.

Korongo walishindwa. Watu walianza kutoka, viti vikikunjwa kwa kelele, Yancy akiahidi kumwandikia barua mkuu wa chuo. Kina Tarpley hawa wawili walibaki, kama walivyobaki siku zote, mzee ajumlishe safu zake. Wafagiaji walianzia upande wa pili. Kijana mmoja alikuwa akimwagilia maji udongo wa katikati.

Penseli ya mzee haikwenda. Daftari lilikuwa wazi magotini, uso wake umeinamishwa pembeni kidogo, kama mtu anayechungulia nyuma ya nguzo.

Corine alikuwa ameandaa maneno kwa miezi miwili. Daktari wa macho, majirani, chumba chake ambacho kingetosha kitanda cha pili. Yote yalimpotea. Aliweka kidole juu ya ile K, akauchukua mkono wa baba yake akauleta pale, penseli ikiwa bado vidoleni.

"Huyu wa awamu ya saba, baba," alisema. "Kazungusha au katazama?"

Lucious aligeuza penseli upande wa kifutio. Alitafuta ukingo wa karatasi kwa kidole gumba, akahesabu visanduku kimoja kimoja kwa kuvigusa, akafika. Akafuta. Alifuta taratibu, akapuliza vumbi, akafuta tena mpaka kisanduku kikabaki cheupe. Kisha aliingiza mkono mfukoni mwa suruali akatoa funguo za gari na kuziweka juu ya ukurasa.

"Sikuona," alisema. "Nilisikia tu."